Nataka kumpeleka mzee wangu makumbusho ya Lamu, alikuwa baharia wa jahazi, naombeni ushauri

binti_wa_baharia

Asalaam aleikum jamani, naombeni msaada kwa wale mnaoijua Lamu vizuri. Babangu ana miaka 78, tunakaa naye Mombasa, na ujanani mwake kabla hajapata kazi bandarini Kilindini alikuwa baharia kwenye jahazi, wakipakia boriti Lamu wanakuja kushusha hapa bandari ya kale. Hayo mambo sisi hatujazaliwa na yeye mwenyewe zamani alikuwa hayazungumzi, ila tangu mamangu atangulie mbele ya haki mwaka juzi ndio kila jioni habari ni za bahari, mara pepo za kusi mara za kaskazi, mara foromali, ule mti wa kushikia tanga, ilivyovunjika wakiwa karibu na Kipini usiku, na watoto wangu (mmoja ana 9 mwingine 13) wanamsikiliza vizuri tu lakini nusu ya maneno hawayapati manake hawajawahi kuona chombo kikitweka tanga, wao wanachojua ni feri ya Likoni.

Sasa majuzi mdogo kaja na kazi ya shule, waeleze maana ya methali "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani". Maana akaieleza bila shida, kwamba ukizunguka kote mwisho unarudi kwenu. Babu yake akamuuliza haya, tezi ni wapi? Kimya. Omo? Kimya. Na mimi pia nilinyamaza kwa sababu ngama nilikuwa siijui ni kitu gani, na mtihani wa Kiswahili niliupasi kwa alama nzuri kabisa. Mzee hakusema neno lakini nilimuona uso wake, na ile sura haijanitoka mpaka leo.

Kwa hivyo nimeamua likizo ya Desemba twende naye Lamu, hajarudi huko zaidi ya miaka 40. Nasikia kuna makumbusho yana vyombo vya zamani. Ninachotaka kujua, ndani kuna vyombo vya kweli au ni vimfano vidogo? Ngazi zikoje, manake magoti yake si mazuri? Na siku mbili zinatosha? Na kwa njia ya barabara mzee wa umri huo ataweza? Nashukuru sana.

Omari_wa_Majengo

Wa aleikum salaam dada. Nilienda na familia mwezi wa nane. Barabara siku hizi ni lami mpaka Mokowe, si kama zamani tulivyokuwa tukizama kwenye matope pale Witu, ila ni kutwa nzima ndani ya basi, kwa hivyo chukueni la alfajiri na mkae upande usio na jua. Beba vitambulisho vya watu wazima wote mkononi sio ndani ya begi, manake kuna vizuizi vya polisi na mnaweza kushushwa kukaguliwa. Mzee mwambieni mapema asishtuke.

Mokowe mnashuka mnaingia boti kuvuka mpaka Lamu. Hapo ndipo pa kuangalia kwa mtu wa magoti. Maji yakiwa yamejaa boti inalingana na jeti, unaingia tu kama unaingia matatu, lakini maji yakipwa ni kuteremka ngazi zinazoteleza halafu uruke ndani. Ulizeni maji saa ngapi. Na mkatae boti ambayo haina laifu jaketi za kutosha hata kama wanawaharakisha. Mkitaka kupunguza uchovu kuna ndege, inatua kisiwa cha Manda, lakini hata huko lazima uvuke kwa boti, Lamu huiingii bila kupanda chombo.

Makumbusho yenyewe mimi niliyapenda ingawa nitakwambia ukweli, si ya bahari peke yake. Kuna chumba cha harusi, kuna mambo ya Waorma na Wapokomo, milango ya kuchongwa, vyombo vya nyumbani. Upande wa bahari ni sehemu tu.

kisauni_njiani

Dada mimi nakushauri tofauti kidogo, usimchoshe mzee. Hapo hapo Mombasa mna Fort Jesus, na ndani kuna vitu vilivyotolewa chini ya bahari kwenye ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waarabu wa Oman wameizingira ngome hiyo. Wapiga mbizi walifanya kazi pale kuanzia 1977 mpaka 1980. Ni dakika kumi na tuktuk kutoka mjini, mnarudi nyumbani mchana anapumzika.

binti_wa_baharia

Asante sana kisauni_njiani, Fort Jesus tumeshaenda naye mara mbili na anapapenda. Lakini hiyo ni meli ya Wareno. Yeye anataka kuona chombo alichokipanda yeye, ndio maana ya safari yote.

Mwamu_wa_Langoni

Karibuni Amu, ndiyo Lamu kwa lugha yetu. Na mwambie mzee Amu yamngoja, miaka arubaini si mingi kwa mui (mji) huu.

Nimezaliwa hapa Langoni na ndugu za mamangu ni mafundi wa vyombo Matondoni, kwa hivyo nitaandika kirefu univumilie.

Makumbusho yako usita (njia) wa pwani, jumba la karne ya 19 linaangalia bahari, Waingereza walilifanya makazi ya wakubwa wao mpaka uhuru. Ngazi zipo, tena za kizamani, lakini hakuna haraka, mtoto mkubwa amshike mkono. Jahazi zima ndani hutaliona, haliingii. Utaona mifano iliyotengenezwa na watu wanaojua kazi, na hapo ndipo ninapotaka msipite mbio kama wageni wengi wanavyopita, wanapiga picha moja wanaondoka.

Kaeni mbele ya mtepe. Huu ndio chombo cha kwetu hasa kabla ya jahazi, Wabajuni wa visiwa hivi ndio waliokuwa mabingwa wake. Hauna msumari hata mmoja. Mbao zinatobolewa kingoni, zinashonwa kwa kamba ya usumba wa nazi kama unavyoshona mkoba, matundu yanazibwa, na tanga lake ni la mraba, la mkeka. Omo inatokeza mbele kama shingo ya ngamia, wazee wakisema ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume (SAW). Faida ya kushona ni kwamba ukipanda fungu la mchanga hauvunjiki, unanepa, halafu maji yakijaa unanyanyuka unakwenda zako, na kwa bahari yetu yenye mafungu na miamba hiyo ni faida kubwa mno. Hasara yake unavuja, daima kuna watu ndani kazi yao ni kufua maji usiku na mchana. Wa mwisho ulijengwa miaka ya 1930, baada ya hapo basi. Mzee wako kwa umri wake mtepe wa kweli hakuuwahi, lakini waliomfundisha kazi bila shaka waliuona.

Halafu kuna siwa, yale mabaragumu makubwa. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, imepita mita 2, ya karne ya 17, na ya Amu ni ya shaba. Inapulizwa ubavuni, si kwenye ncha kama tarumbeta, na haikupulizwa ovyo, ni harusi za wakubwa na kutawazwa kwao. Si chombo cha bahari najua, lakini hizi siwa ndizo zilizotangaza ukubwa wa miji iliyokula kwa bahari, kwa hivyo msizipite.

Jahazi la Amu utalijua kwa omo yake, imesimama wima, lile la Unguja limelala kwa mbele. Na lina mato. Sisi husema mato, nyinyi mwasema macho. Yamechongwa duara pande mbili za omo na ndani mna mwezi na nyota, chombo kione njia. Mwambie mdogo ayatafute, akiyaona kwenye makumbusho atoke nje pale usitani atayaona tena baharini.

Sasa la muhimu. Makumbusho ni nusu. Siku ya pili wapelekeni Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, bado vyombo vinajengwa pwani chini ya makuti. Mwende kwa boti na mwende maji yakiwa juu, mkichelewa mtakwama kwenye mikoko mshuke mtembee kwenye tope, na kwa magoti ya mzee hilo halifai kabisa. Angalieni mwezi, wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji yanatoka mbali sana.

Ngome nayo iko ndani kidogo tu, ilimalizwa mwaka 1821 baada ya vita vya Shela, ikaja kuwa jela mpaka 1984. Ikiwa mmechoka iacheni, kaeni barazani pale mbele yake kwenye uwanja, mnywe kahawa, mzee ataongea na wazee wenziwe. Hiyo nayo ni makumbusho.

mtoto_wa_Funguni

Dada nenda, tena usiahirishe. Mimi niko Unguja. Sisi tulikuwa na mtepe mzima, mkubwa, sio wa kuweka mezani, ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mtindo ule ule wa kushona ukawekwa ukumbini Beit al Ajaib, lile jumba la makumbusho. Nilikuwa napita nje ya jumba lile kila siku kwenda kazini, nikawa nasema nitampeleka babu yangu akauone, wiki ijayo, mwezi ujao, akitoka hospitali. Tarehe 25 Desemba 2020 jumba likaporomoka upande mmoja, watu wawili wakafa Mungu awarehemu. Babu alikufa mwaka uliofuata. Jumba la tangu 1883 ulidhani litakuwepo siku zote. Ndo hivyo, mchukue mzee mwende.

mswahili_wa_Maskati

Nawasoma nikiwa Oman, mama yangu mzaliwa wa Lamu, baba ni mtu wa mji wa Sur. Naongeza kidogo kwenye hayo ya kushona aliyoyasema ndugu yetu wa Langoni. Huku nako vyombo vilishonwa kwa usumba zamani. Mwaka 1980 walikijenga kimoja pale Sur, kikaitwa Sohar, bila msumari, kikatoka Maskati kikafika Canton China mwaka 1981. Sasa kimewekwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan, nikipita na watoto lazima nipunguze mwendo. Na Sur kwenyewe kuna ghanja moja, aina ya jahazi kubwa, ya mwaka 1951, Fatah al Khair, ilikuwa imeuzwa Yemen wenyewe wakachanga wakairudisha mwaka 1993. Watu wa mji walichanga! Nikiisimulia hii huwa nasisimka.

Baba alikuwa akinambia wakishuka na kaskazi mpaka Lamu na tende na chumvi na papa mkavu, wakingoja kusi ligeuke warudi na boriti. Nyumba za zamani za huku ukiangalia juu dari ni boriti za mikoko, na nyingi zimetoka hapo Lamu. Upana wa vyumba vyetu ni urefu wa boriti yenu. Dada mpe mzee salamu zangu, huenda boriti alizobeba ziko juu ya kichwa cha mtu Ghuba mpaka leo.

Omari_wa_Majengo

Hiyo ya upana wa chumba sikuwahi kuifikiria, Mungu akuweke. Dada ukirudi tupe habari.

binti_wa_baharia

Jamani tumerudi Jumapili, nimechoka lakini lazima niandike kabla sijasahau.

Njiani salama. Pale Mokowe kijana mmoja wa boti alitutoza mara tatu ya bei kwa sababu ya mizigo, nikalipa manake maji yalikuwa juu na nilitaka mzee aingie kabla hayajapwa, nimeudhika lakini basi. Laifu jaketi tulivaa wote isipokuwa baba, alikataa, akakaa tezi karibu na mwenye usukani wakaanza kuongea kama wanajuana. Tulipoanza kuuona mji, yale majumba meupe yamepangana juu ya maji, alivua kofia akaiweka magotini. Hakusema kitu mpaka tumefunga.

Makumbusho tulikwenda asubuhi ya pili. Kwenye mtepe alisimama mikono nyuma, akainama mpaka pua karibu iguse, na akakaa hivyo muda mrefu nikaanza kuogopa kwamba amepata kizunguzungu. Kumbe anahesabu mishono. Halafu akamwita mdogo wangu (mwanangu yaani), akamwambia haya njoo. Kidole hakikugusa, kilipita hewani tu juu ya chombo. "Omo hii. Tezi hii huku nyuma anakokaa nahodha. Hapa mlingoti. Na ngama ndani chini kabisa, maji yote ya chombo hukusanyika hapo, wewe uende mbele uende nyuma, ukiteleza utaangukia humo." Mtoto akauliza, babu ulishawahi kuanguka? Akasema nililala humo, miezi, sisi vijana ndio tulikuwa tunalala karibu na ngama, harufu yake ukishaijua hutaisahau. Mimi nikatoka nikaenda dirishani.

Mfanyakazi wa pale alikuwa anasikiliza kwa mbali, akaja na kiti. Akamwambia mzee kaa hapa. Akaanza kumuuliza maswali, tanga la jahazi lao lilikuwa kubwa kiasi gani, walikuwa mabaharia wangapi, foromali walibadilishaje upande wakati wa kugeuza chombo, na baba akasimama tena kwenye magoti yale yale akaonyesha kwa mikono namna demani, kamba ya tanga, inavyolegezwa na foromali inavyozungushwa mbele ya mlingoti, watu wanakimbia, nahodha anapiga kelele, na mkichelewa kidogo tu tanga linapigwa na upepo kinyume na hapo ni kuomba Mungu. Watalii wawili waliokuwa wanapita walisimama na wao, lugha hawaijui lakini mikono walikuwa wanaielewa. Tulikaa saa mbili na nusu kwenye jumba ambalo mimi nilikadiria dakika 40. Siwa tuliziona pia, mkubwa wangu alizipenda sana, akasema zinafanana na kitu kilicho hai.

Mato tuliyaona! Mdogo aliyahesabu majahazi yote yaliyofunga pale mbele, mengine yamepakwa rangi nyekundu na nyeupe.

Mwamu_wa_Langoni, Matondoni tulikwenda kama ulivyosema, saa ya maji kujaa. Kulikuwa na mashua moja juu ya magogo, mbao zimeshapigwa, mafundi wawili wanakalafati. Sikuwahi kuiona hii kazi, kwa hivyo naieleza kwa walio mbali kama mimi. Fundi ana pamba imesokotwa kama utambi mrefu, imelowa mafuta, anailaza kwenye ufa kati ya ubao na ubao, anaweka chembeu, patasi yao, juu yake, anagonga kwa nyundo ya mbao. Tok tok tok, anasogea. Baba alisalimiana nao, wakampa heshima yake, shikamoo mzee marahaba, akasimama anatazama. Halafu akasema, pale umepaacha. Yule fundi mtu mzima, ana mvi, akarudi akagusa, akacheka, akasema kweli mzee. Akamnyooshea chembeu.

Mikono ya babangu inatetemeka. Kikombe cha chai anashika kwa mikono miwili. Lakini alipoishika ile nyundo akagonga ya kwanza, ya pili, mkono ukatulia. Anagonga kichwa amekiinamisha upande, nikamuuliza baba unasikiza nini, akasema mlio, ukigonga penye pamba haijakaa unasikia ubao umelia kama mtungi, pamba ikikaa mlio unakuwa mzito. Alifanya kama urefu wa mkono mmoja hivi halafu akachoka, wakamkalisha chini ya kivuli wakamletea madafu. Mkubwa wangu alikuwa anaziba pua kwa ile harufu ya sifa waliyoipaka mbao upande wa pili, mwisho akauliza ni mafuta ya nini, wakamwambia ya ini la papa, akaomba apake yeye kidogo. Nguo ile mpaka leo nimeifua mara mbili haijatoka.

Ngome hatukuingia. Tulikaa uwanjani, kahawa, tangu alasiri mpaka magharibi. Mzee mmoja alimuuliza babangu chombo chake kilikuwa cha nani, akataja jina la nahodha wao, yule mzee akasema huyo alikuwa amemuoa shangazi yangu. Wakashikana mikono hawakuachana mpaka adhana.

mtoto_wa_Funguni

Nimesoma hii kazini nimeshindwa kuendelea na kazi. Allah amzidishie mzee umri.

mswahili_wa_Maskati

Amin. Dada, alipokuwa anaonyesha kugeuza foromali, mlirekodi hata kwa simu? Manake hicho hakimo kwenye makumbusho yoyote, sio hapo wala huku.

binti_wa_baharia

Mkubwa alirekodi, dakika 11, simu ilikuwa inatingishika lakini sauti iko safi. Yule mfanyakazi wa makumbusho ameomba tumtumie na tumeshatuma.

Na sasa nina swali jingine. Tangu turudi baba anamfundisha mdogo mafundo, wanatumia kamba ya nailoni ya kuanikia nguo na kila siku analalamika kwamba inateleza, hii si kamba, anataka ya usumba. Nimezunguka Marikiti na Kongowea sijaipata ya unene anaoutaka. Mwenye kujua hapa Mombasa inauzwa wapi aniambie.

Mwamu_wa_Langoni

Usinunue. Mjomba anasokota mwenyewe, nimemwambia habari za mzee tangu juzi. Naiweka kwenye basi la kesho alfajiri, pima mbili, nenda kaipokee jioni. Nambie mzee ataka ya nyuzi tatu au nne.

binti_wa_baharia

Nimemuuliza. Amesema tatu, na isokotwe kwa mkono wa kulia.